Sura ya 9: Umeme Usio na Njia ya Kurudi

Mwendesha bodaboda anayekuja usiku nyuma ya gari linalovuta tela hana kinachomwongoza isipokuwa taa za tela lenyewe. Taa za gari zimezibwa na magunia, au tangi la maji, au mashua, au kreti za soda zilizopangwa mpaka juu. Gari likifunga breki, yeye anatakiwa ajue papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa anasogea karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde moja ya kutojua inatosha kumfikisha kwenye chuma. Nimeanza naye kwa sababu katika mambo yote ya umeme wa gari, hili ndilo ambalo mwenye gari haonji hasara yake. Taa za mbele zikiwa mbovu, yeye mwenyewe haoni njia, basi atazitengeneza kesho asubuhi. Taa za tela zikifa, dashibodi inang'aa kama kawaida, redio inaimba, na hatari yote imebaki kwa mtu wa nyuma.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Tela la kawaida la gari dogo lina taa mbili ndogo za nyuma, taa mbili za breki, indiketa mbili na taa ya namba. Hakuna kompyuta ndani yake, hakuna mota, hakuna kihisio. Hata hivyo mafundi hodari wanaojua kufumua injini nzima hushinda mchana kutwa wakihangaika na tela moja, wakibadilisha balbu, wakibadilisha fyuzi, wakivuta waya mpya, na jioni taa bado zinacheza. Sababu ni kwamba wanaufuata umeme unaokwenda. Katika tela, tatizo kwa kawaida liko kwenye umeme unaorudi.

Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike katika sura hii, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Ikiwa imejaa na injini imezimwa, utaipima volti 12.6 hivi; injini ikiwaka, jenereta huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Umeme hutoka upande wa chanya, hupita kwenye fyuzi, kwenye swichi, hufuata waya wake mpaka kwenye balbu, huuchoma uzi wa balbu mpaka uwake, kisha lazima urudi upande wa hasi wa betri. Usiporudi, hautembei kabisa. Ndani ya gari, kurudi ni rahisi mno kiasi kwamba tunakusahau: bodi nzima ya chuma imeunganishwa na hasi, na kila taa hujishikiza kwenye chuma kilicho karibu nayo. Mafundi wetu huita njia hiyo ethi.

Tela haliko hivyo. Linakaa juu ya matairi ya mpira. Chuma chake ni kisiwa, na kinaungana na gari kwa waya mmoja tu ndani ya plagi. Kila taa ya tela ina waya wake wa kuleta umeme, lakini zote zinarudisha umeme kwa waya huo mmoja. Fikiria usiku, dereva amewasha taa, amekanyaga breki na ametoa indiketa ya kulia. Taa mbili ndogo ni wati 5 kila moja, za breki ni wati 21 kila moja, indiketa wati 21, taa ya namba wati 5. Jumla ni wati 78. Gawa kwa 12, unapata ampea 6.5, zote zikipita katika waya mmoja wa kurudi, na katika pini moja ya plagi iliyopigwa na mvua, vumbi na tope tangu siku ilipofungwa.

Sasa tuupime waya huo. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, ule mwembamba unaopendwa kwa sababu ni rahisi bei, urefu wake mita 6 kutoka kwenye plagi hadi nyuma ya tela. Ukinzani wake ni kama omu 0.14. Ampea 6.5 zikipita hapo, volti 0.9 zinapotea njiani kurudi, na karibu nusu volti nyingine imekwisha kupotea kwenye waya uliopeleka umeme wa breki. Mtu atasema volti moja na nusu ni kitu gani. Balbu ya uzi haisamehe: ukiinyima asilimia 10 ya volti zake, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Na hapo nimehesabu waya mzima, mpya, usio na kutu. Weka skrubu yenye kutu inayoongeza nusu omu tu, na zaidi ya volti 2 zinaishia kwenye kutu hiyo. Kwa hiyo waya wa ethi uwe mnene kuliko wenzake wote. Milimita za mraba 2.5 zinatosha, na upotevu kwenye zile mita 6 unashuka hadi robo volti hivi. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kujaza mafuta ya safari moja.

Kabla ya kushika kitu chochote, ijue plagi yako. Kwenye matela ya magari madogo Afrika Mashariki, mara nyingi utakuta plagi ya duara ya pini 7 ya mtindo wa Ulaya. Ukiifungua na kuisafisha utaona namba na herufi zimechapwa karibu na kila pini. Pini ya 1, yenye herufi L, ni indiketa ya kushoto, waya wa njano. Pini ya 2, yenye alama 54G, ni taa ya ukungu ya nyuma, waya wa buluu; magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana taa hiyo, na pini hiyo hukaa bure. Pini ya 3, yenye alama 31, ndiyo ethi, waya mweupe. Ya 4, herufi R, indiketa ya kulia, kijani. Ya 5, 58R, taa ndogo ya kulia, kahawia. Ya 6, 54, breki, nyekundu. Ya 7, 58L, taa ndogo ya kushoto, nyeusi. Hizo 31, 54 na 58 ni namba za Kijerumani, za mpangilio uitwao DIN 72552, na utazikuta kwenye rilei na swichi za magari mengi ya Ulaya: 31 ni ethi, 54 ni breki, 58 ni taa ndogo.

Ziamini namba, usiamini rangi. Tela lililochomelewa katika karakana ya mtaani limefungwa nyaya zilizokuwepo dukani siku ile. Nyekundu imekuwa ethi, nyeupe imekuwa indiketa, na aliyefunga hakuandika popote. Ukiunga rangi kwa rangi kati ya plagi mpya na tela la namna hiyo, utakuwa umejitengenezea hitilafu mpya kwa mkono wako. Kila waya upimwe mpaka ujulikane mwisho wake, kisha ubandike kikaratasi chenye jina. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na atakayekuja kulitengeneza tela hilo miaka mitano baadaye atakuombea dua.

Ndugu zetu wanaoishi Marekani na Kanada watakutana na mpangilio mwingine. Kule tela dogo lina plagi bapa ya nyaya 4: nyeupe ni ethi, kahawia ni taa ndogo, njano ni upande wa kushoto, kijani ni upande wa kulia. Waya wa breki haupo, na haukusahauliwa. Katika mfumo wa Kimarekani uzi uleule wa balbu ndio breki na ndio indiketa: ukikanyaga breki zinawaka zote mbili, ukitoa indiketa upande mmoja unapepesa. Magari ya Kijapani na ya Ulaya kwa kawaida yana indiketa ya rangi ya chungwa peke yake na breki peke yake. Basi anayevuta tela la Kimarekani kwa gari la Kijapani anahitaji kisanduku cha kuchanganya ishara hizo mbili. Kuziunga nyaya zenyewe kwa zenyewe kutawasha taa za breki za gari kila indiketa inapopepesa.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Taa za tela haziwaki, au zinawaka vibaya. Jambo la kwanza ni kutenganisha gari na tela ili ujue mkosaji ni nani. Chomoa plagi. Tafuta betri ya volti 12, hata ya pikipiki, ungia hasi yake kwenye pini ya 3 ya plagi ya tela, na kwenye chanya weka waya wenye fyuzi ya ampea 10. Gusa pini moja baada ya nyingine. Indiketa ya kushoto iwake peke yake, ya kulia peke yake, breki zote mbili pamoja, taa ndogo upande kwa upande. Zikiwaka zote kwa nguvu na kila moja mahali pake, tela lako ni zima na shida iko garini. Zisipowaka, liache gari, usilifungue hata skrubu moja.

Kipimo hiki kifanywe tela likiwa halijakaa juu ya tufe la chuma la kuvutia. Nasisitiza hilo kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanadanganyika. Tela likiwa limefungwa kwenye gari, kichwa chake cha chuma kinagusa tufe la chuma, na ethi iliyokatika ndani ya plagi inapata njia ya mkato kupitia hapo. Taa zinawaka. Dereva anaridhika. Anaondoka, tela linaruka kwenye tuta la kwanza, mguso unaachia, taa zinazimika, zinarudi, zinazimika tena. Kwenye tufe lililopakwa grisi vizuri, kama inavyotakiwa, mguso huo ni dhaifu zaidi. Ukiambiwa taa za tela zinawaka likisimama na zinacheza likitembea, anza na pini ya 3.

Upande wa gari unapimwa kwa taa ya majaribio. Hapa nina msimamo ambao baadhi ya mafundi vijana hawaupendi: kwa kazi hii, balbu ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili ni bora kuliko multimita ya bei ghali. Multimita haivuti umeme wowote wa maana. Kiungo kikishika kutu na kubaki na mguso mdogo tu, multimita itasoma volti 12 kamili na kukuambia kila kitu ni sawa. Balbu ya wati 21 inataka ampea 1.75, na mguso huo mdogo hauwezi kuzitoa bila kuonyesha udhaifu. Mwanga utafifia mbele ya macho yako. Ungia mguu mmoja wa balbu kwenye tundu la 3 la soketi ya gari, gusa mengine kwa mguu wa pili huku mwenzako akiwasha swichi. Balbu isipowaka, toa mguu ule kwenye tundu la 3 na uubane kwenye chuma safi cha bodi ya gari. Ikiwaka sasa, ethi ya soketi ndiyo iliyokufa. Multimita ina kazi yake pia: taa ikiwa imewashwa na inavuta umeme, weka mguu mmoja wa kipimo kwenye kalio la chuma ambamo balbu ya tela inakaa na wa pili kwenye hasi ya betri ya gari. Ukisoma zaidi ya nusu volti hivi, umeziona kwa macho volti zinazoliwa na njia ya kurudi.

Lakini mara nyingi huhitaji hata kipimo. Taa zenyewe zinasema, mradi ukae nyuma ya tela na kutazama kwa utulivu mwenzako akikanyaga na kuwasha.

Taa moja tu imekufa na nyingine zote ziko sawa: balbu, au kalio lake limeshika kutu. Breki za pande zote mbili zimekufa na taa ndogo zinawaka: waya wa breki au fyuzi yake, kwa sababu si rahisi balbu mbili kufa siku moja. Upande mmoja umekufa wote, na upande wa pili ni mzima: ethi ya upande huo. Hizo ni hitilafu za kawaida. Zile zinazowatia watu wazimu ni za aina nyingine: dereva anakanyaga breki na taa inazimika badala ya kuwaka, anatoa indiketa na taa ndogo zinapepesa pamoja nayo, anakanyaga breki na taa zote zinawaka kimwanga cha mshumaa. Hapo ndipo utasikia maneno ya mashetani kwenye nyaya.

Hakuna shetani. Kuna umeme unaotafuta njia ya kurudi. Balbu ya nyuma yenye nyuzi mbili, wa wati 21 wa breki na wa wati 5 wa taa ndogo, ina ethi moja ya pamoja, yaani lile kalio lake la chuma. Sema ethi ya taa ya kulia imekatika. Ukikanyaga breki mchana, umeme unafika kwenye uzi wa breki, unaupita, unafika kwenye kalio na kukuta mlango umefungwa. Unageuka, unapanda uzi wa taa ndogo kinyumenyume, unatoka kwa waya wa taa ndogo, unarudi hadi kwenye gari ambako taa ndogo zote zimeunganishwa, na kutoka huko unaingia kwenye taa ndogo ya kushoto, taa ya namba na hata taa za dashibodi, unarudi betri kupitia ethi za hizo. Kila uzi unaopitiwa unakula kiasi cha volti, ndiyo maana zote zinawaka kwa unyonge. Sasa fanya jaribio hilohilo usiku, taa ndogo zikiwa zimewashwa. Uzi wa breki una volti 12 upande mmoja, uzi wa taa ndogo una volti 12 upande wake, na katikati hakuna pa kutokea. Umeme unasukumwa pande zote mbili kwa nguvu sawa, kwa hiyo hautembei. Taa iliyokuwa na mwanga hafifu inazimika kabisa pale breki inapokanyagwa. Mtu wa nyuma anaona taa ikipotea wakati uleule ambao angepaswa kuona nyekundu kali.

Ukishaelewa safari hiyo, hutabahatisha tena. Chukua waya mrefu, bana mwisho mmoja kwenye hasi ya betri ya gari, na mwisho wa pili uguse kwenye kalio la chuma la taa inayosumbua. Vituko vikikoma ghafla na kila taa ikarudi kwenye kazi yake, umemaliza uchunguzi. Kilichobaki ni kutengeneza.

Na kutengeneza ethi kuna njia moja ya halali. Ng'oa ile skrubu. Sugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, kwa sababu rangi na kutu havipitishi umeme hata skrubu ikikazwa namna gani. Bana waya kwenye kichwa cha pete, tumia washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi au rangi juu yake ili maji yasiingie. Kupaka kabla ya kukaza ni kuanza upya kosa lilelile. Mimi nashauri zaidi ya hapo: usitegemee chasisi ya tela hata kidogo. Vuta waya wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye pini ya 3. Tela lenye maungio ya bolti, bawaba na mlango wa nyuma unaofunguka lina sehemu nyingi mno za kupotezea umeme, na kila moja itashika kutu kwa wakati wake.

Kuna hitilafu moja inayofanana sana na ethi mbovu nayo si ethi. Ni balbu isiyo yake. Balbu ya nyuzi mbili ina vitone viwili kwenye kitako na vipini viwili vya pembeni vilivyo katika kimo tofauti, ili isiingie kinyume. Balbu ya uzi mmoja ina kitone kimoja katikati. Mtu akiilazimisha hii ya pili kwenye kalio la ile ya kwanza, kitone chake kinaweza kugusa pini zote mbili kwa pamoja na kuunganisha waya wa breki na waya wa taa ndogo. Ukikanyaga breki, taa ndogo zinawaka gari zima, mpaka dashibodi. Kabla ya kukata waya wowote, toa balbu zote na uzitazame vitako. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto.

Fyuzi inayoungua ni kesi ya kinyume: hapo umeme umepata njia fupi mno. Chomoa tela, weka fyuzi mpya ya ampea zilezile. Ikidumu, shoti iko kwenye tela. Sasa usiendelee kuunguza fyuzi moja baada ya nyingine. Chomeka tela tena, toa fyuzi, na mahali pake unga ile balbu yako ya wati 21. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa nguvu zote na kuzuia umeme usizidi, huku wewe ukipita kando ya tela ukitikisa nyaya kipande kwa kipande, hasa zinapopita kwenye matundu ya chuma, chini ya bolti na karibu na ekseli. Ukigusa mahali penye ugonjwa, balbu itabadilika, itafifia au kuzimika. Hapo ndipo pa kufungua. Anayefunga karatasi ya pakiti ya sigara au waya mahali pa fyuzi ameamua kwamba kitakachoungua ni nyaya za gari, na nyaya hizo zinapita chini ya mazulia na nyuma ya viti wanakokaa watoto.

Magari ya miaka ya karibuni yana sharti jingine. Zamani fundi alikwangua waya wa taa ya nyuma ndani ya buti, akaunga waya wa tela, kazi ikaisha. Katika magari mengi mapya taa zinasimamiwa na kompyuta ya bodi. Inapima umeme unaovutwa na kila taa, na ikiona umezidi au umepungua inawasha onyo au inakata taa hiyo. Mengine yanatumia balbu moja ya uzi mmoja kwa taa ndogo na kwa breki, kwa kuipa umeme wa vipigo vya haraka ili ififie. Ukiunga tela hapo taa zake zitatetemeka. Na mahali palipo na taa za LED, kifaa kinachozilisha hakikutengenezwa kubeba balbu ya wati 21. Kwa gari la namna hiyo nunua kisanduku cha rilei za tela, kinachovuta nguvu yake moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, na kusikiliza tu ishara kutoka nyaya za taa. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huja bila nyaya za tela kabisa, kwa hiyo kisanduku hiki ni sehemu ya gharama ya kufunga chuma cha kuvutia. Fundi anayekupigia hesabu ya chuma peke yake hajakupa bei kamili.

Neno kwa watu wa pwani, wanaovuta mashua kutoka Kilifi hadi Msasani. Chumvi haishii kwenye skrubu. Maji ya bahari hupanda ndani ya waya, chini ya ganda lake, kati ya nyuzi za shaba, na ukimenya utakuta shaba imekuwa nyeusi umbali wa shibiri nzima kutoka kwenye kiungo. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kuchomelea na haipitishi umeme ipasavyo; kata urudi nyuma mpaka uone shaba inayong'aa, hata ikibidi kubadilisha waya wote. Vile viungio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya visitumike kwenye tela la mashua, kwa sababu jeraha vinaloacha ni mlango wa maji. Chomoa plagi kabla ya kuteremsha tela majini, maana balbu iliyopata joto ikikutana na maji baridi hupasuka. Ukilitoa, lisuuze kwa maji ya bomba, taa na plagi pia. Kama fedha inaruhusu, funga taa za LED zilizozibwa pande zote na nyaya zilizopakwa bati.

Usidhani dashibodi itakujulisha. Katika magari mengi ya zamani, indiketa huanza kupepesa haraka balbu moja ikifa, kwa sababu kipepesaji kinahisi umeme umepungua. Tela likiungwa, balbu ya tela inaweza kuziba pengo la balbu iliyokufa ya gari, au kinyume chake, na mlio ukabaki uleule. Uingereza sheria inataka dereva apewe ishara ya pekee, ya sauti au ya taa, kwamba indiketa za tela zinawaka. Kwetu ishara iliyo ya uhakika ni mtu anayesimama nyuma na kuita kwa sauti: kushoto, kulia, breki, taa ndogo. Afanye hivyo taa ndogo zikiwa zimewashwa, kwa sababu ethi mbovu hujificha mchana.

Na ikitokea taa zimekufa njiani, usiku, huna betri ya pili wala msasa? Jaribu jambo moja: tafuta kipande chochote cha waya, funga mwisho mmoja kwenye chuma safi cha gari, kwa mfano bolti ya chuma cha kuvutia, na mwisho wa pili kwenye chuma cha tela kilichokwanguliwa kwa kisu. Mara nyingi taa zitarudi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ule ule wa siku zote. Zisiporudi, usiendelee kwa kutegemea rifleta. Zile pembetatu nyekundu, ambazo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 umeziweka kuwa alama ya matela, zinamsaidia mwenye taa kali za mbele. Wa bodaboda mwenye taa hafifu atachelewa kuziona, na hazimwambii kwamba umefunga breki. Tafuta kituo cha mafuta au kituo cha polisi kilicho karibu, omba mahali pa kuegesha nje kabisa ya barabara, na tela hilo lisirudi lamini mpaka jua litoke.